Sitoki Mpaka Atoke

Jioni ile Fundi aliishiwa vifungo.

Zilibaki sare nne za shule, na kila moja ilihitaji vifungo sita. Jua lilikuwa limeshashuka nyuma ya mapaa. Alichomoa pasi ukutani kwa mkono wake mwenyewe, akaiacha ipoe, akajitanda mtandio na kuvuka barabara kwenda kwa Mama Vifungo kabla hajafunga duka.

Siku nyingine Mama Vifungo humtania akiwa bado hatua kumi. Jioni ile hakuinua hata kichwa. Simu yake ilikuwa imeegemea kopo la pini, na uso wake ulikuwa na mwanga wa bluu, kama uso wa mtu aliyezama.

"Jicho la Fundi," alisema. "Umeniua, mwenzangu."

"Nimekuua vipi na mdomo bado unafanya kazi?"

Mama Vifungo hakucheka. "Ile tamthilia yako. Mlango wa Ndani. Ulisema ina sehemu saba, na mwishoni yule dada anatoka chumbani salama."

"Ndiyo."

"Niko ya kumi na tisa. Hajatoka."

Fundi alicheka kwa koo tu. "Vumilia. Anatoka."

"Uliona kwa macho yako?"

"Sasa ningesemaje kama sikuona?"

Mama Vifungo alitumbukiza mkono kwenye kopo, akahesabu kwa kupapasa, akavisukuma vifungo ishirini na vinne mezani. Macho hayakuondoka kwenye simu. Fundi alikuwa ameshageuka aliposikia tena ile sauti, imeshuka, imekuwa mnong'ono.

"Na mdogo wako naye yumo. Alikuja mchana kununua komeo."

"Komeo la nini?"

"La mlango wa chumba chake. La kufungia kwa ndani."

Tuseme ukweli, maana mbele za Mungu hakuna pazia. Fundi hakuwa ameona kitu.

Televisheni yake ilikaa juu ya kabati la vitambaa, imeunganishwa na ile huduma ya filamu za mtandaoni, na iliwaka tangu asubuhi. Lakini macho ya mtu wa cherehani yako kwenye sindano. Ukiyainua, mshono unakwenda kombo, au kidole kinashonwa pamoja na kola. Kwa hiyo Fundi alizisikia filamu kama mtu anavyosikia ugomvi wa jirani ukutani, na kama ugomvi wa jirani, aliziingilia. "Usimfungulie, mjinga wewe!" "Huyo mume ni tapeli, nimekwambia tangu jana!" Mtu kwenye filamu akiita "Upo?", Fundi alijibu bila kufikiri, uzi ukiwa mdomoni: "Nipo, endelea."

Jioni aliandika maoni yake chini ya filamu, kwa jina la Jicho la Fundi, kama mtu aliyeona kila kitu. "Mke kaigiza vizuri, mume anatembea kama kabati linalohamishwa, muziki unaumiza meno. Nyota tatu." Watu walicheka. Watu wakamwamini. Mmoja aliandika, "Mimi siangalii kitu kabla Jicho la Fundi hajasema," na maneno hayo yalimlewesha kuliko alivyotaka kukiri. Hakupunja kitambaa cha mtu. Ibada hakukosa. Lakini dhambi hii aliipa jina laini. Aliiita utani.

Mlango wa Ndani aliisikia sehemu tatu tu. Alishangaa ilivyokuwa na maneno machache. Kiti kinaburutwa. Mtu anapumua. Kisha sauti ya mwanamke, ya chini, ya kuchoka.

"Upo?"

"Nipo, endelea."

"Nitatoka?"

"Utatoka, mama. Mungu ni mkubwa."

Umeme ukakatika hapo. Uliporudi, alikuta chini ya tamthilia ile kuna maoni ya mtu mmoja tu, asiye na jina wala picha: *Msiseme mwisho wake kama hamjauona.* Fundi alisonya. Nani huyo wa kumfundisha? Akaandika: "Nimeitazama yote, sehemu saba, mpaka mwisho. Msiogope, yule dada anatoka salama. Nyota tano." Akalala usingizi mzuri kabisa.

Hiyo ilikuwa wiki moja kabla.

Sasa alivuka barabara mbio, vifungo vikilia mkononi. Alipofungua mlango, harufu ilimpokea. Kitambaa kinachoungua. Ile harufu ya pasi iliyosahaulika juu ya nguo ya mteja. Aliiendea pasi, akaigusa.

Ilikuwa ya baridi.

Aliifuata harufu kwa pua, akapita kabati, akapita jiko dogo, mpaka mlango wa chumba cha Kitinda. Ilikuwa inatoka chini ya mlango.

Kitinda alikuwa mdogo wake wa mwisho, na wa pekee aliyebaki. Mama yao alipokuwa anakata roho alimshika Fundi kifundo cha mkono, akasema, huyu ni wako. Tangu hapo Kitinda amekua, amepata kazi ya kuoka mikate, na kila siku anarudi mchana, ndala zake nyeupe kwa unga, akiimba kwa sauti mbaya isiyojua aibu. Leo hakukuwa na wimbo.

"Kitinda?"

Aligonga.

"Mdogo wangu, fungua."

"Dada, nisubiri kidogo." Sauti ilikuwa bapa, kama ya mtu anayesoma. "Anakaribia kutoka."

"Umekula?"

"Ulisema anatoka."

"Zima hiyo simu, Kitinda. Kuna kitu kinaungua humo!"

"Siwezi kumwacha peke yake, dada. Sitoki mpaka atoke."

Nyuma ya sauti ile, ndani ya chumba ambacho hakikuwa na kiti hata kimoja...

Krrrrr.

Kiti kiliburutwa.

Alisukuma mlango kwa bega, mara moja, mara ya pili. Komeo lilikuwa jipya na mlango ulikuwa wa mbao za zamani, za wakati watu walipokuwa hawana haraka. Dirisha la chumba kile lilikuwa na nondo, alizitia mwenyewe kwa kuogopa wezi. Alitoka mbio kwa jirani yake, seremala, akagonga kwa viganja viwili.

"Baba Randa! Njoo na patasi, nisaidie mlango!"

Seremala alijibu kutoka ndani, kwa upole, bila kusogea. "Sitoki mpaka atoke, Fundi. Wewe mwenyewe ulisema."

Fundi aligeuka. Giza lilikuwa linaingia. Mtaa mzima hapakuwa na mtu. Milango yote imefungwa, na katika kila dirisha ule mwanga wa bluu. Dukani kwa Mama Vifungo shata lilikuwa limeshushwa. Mwanga ulipenya chini yake.

Alirudi ndani. Alifungua simu na kuyasoma maoni. Ya kwanza yalikuwa ya watu wazima na akili zao. "Inachelewa kuanza." "Dada anaigiza vizuri, kama haigizi." "Mume wangu kalala sehemu ya pili, nimemwonea wivu." Kisha:

"Nilitaka kuacha. Nimeendelea kwa sababu ya Jicho la Fundi."

"Sehemu ya 12. Hajatoka. Fundi alisema anatoka."

"Sehemu ya 31. Nimefunga mlango ili nisisumbuliwe."

"Sitoki mpaka atoke."

"Sitoki mpaka atoke."

"Sitoki mpaka atoke."

Alishusha kidole, akashusha, akashusha. Hayakuisha.

Ndipo televisheni juu ya kabati ikajiwasha.

Kiti. Pumzi. Fundi, kwa mara ya kwanza tangu aijue tamthilia ile, aliinua macho.

Hakukuwa na hadithi. Kilikuwa chumba kitupu, pazia nyuma, na mwanamke kwenye kiti amemkabili mtazamaji. Gauni lake lilikuwa limeungua upindo, linafuka moshi polepole bila kuwaka. Alikuwa hafanyi kitu. Alikuwa anasikiliza.

"Umeinua macho," alisema yule mwanamke.

Fundi alijaribu kusali, sala ikamjia vipande vipande.

"Siku zile zote nilikuita, ukaniitika," mwanamke alinong'ona. "Hakuna mwingine aliyewahi kuniitika. Nikakuuliza kama natoka. Ukasema natoka. Ukaandika umeona."

"Nilikosea, mama."

"Ulisema umeona."

"Wewe... nani aliyekuweka humo?"

Mwanamke aliangalia pembeni, kama mtu aliyeulizwa jina la kijiji alichokisahau. "Kulikuwa na mlango," alisema. "Mtu akaniambia upande wa pili ni salama. Naye alikuwa hajaingia."

Krrrrr.

Pazia lilitikisika. Kiti cha pili kilikuwa kinaletwa, taratibu, na chini ya pazia Fundi aliona miguu ikikifuata.

Ndala. Nyeupe kwa unga.

"Kitinda!"

"Kiti hakiachwi kitupu," alisema mwanamke, na sauti yake haikuwa na ubaya wowote, jambo lililomtisha Fundi zaidi. "Nikitoka mimi, wapo wanaongoja kuingia. Umewaleta wengi. Nitaanza na wa karibu."

Fundi aliishika simu. Alijua la kuandika tangu alipoinua macho. Lakini jamani, jina ni kitu. Wateja walikuja kwa jina lile. Watu wa miji asiyoijua walimsalimu kwa jina lile. Akaandika: "Jicho la Fundi hapa. Samahani, tamthilia hii sikuitazama vizuri."

Krrrrr. Kiti kilitokeza mbele ya pazia. Kitinda alionekana magoti, kisha kifua, kisha uso. Macho wazi. Hayaoni.

Sikuitazama vizuri! Hata sasa, mdogo wake akizama, alikuwa anaupunguza uongo kama anayepunguza kiuno cha sketi. Fundi alilia kwa sauti. Alifuta yote, akaandika tena, machozi yakidondokea kioo:

"Mimi ni mwongo. Sikuitazama. Sikuitazama hii, wala nyingi nyingine nilizowasifia. Nilikuwa nashona, nasikia kwa mbali. Sijui kama yule dada anatoka. Nilitaka mniamini. Mungu anisamehe nanyi mnisamehe. Zimeni, fungueni milango yenu."

Akatuma.

Hakuna kitu.

Hakuna kitu...

Kisha ndani ya nyumba, karibu kabisa, kikasikika chuma kikiteleza juu ya chuma. Komeo. Mlango ulifunguka na Kitinda akasimama hapo, nywele zimesimama, anajikuna shavu.

"Dada, mbona unalia? Nimelala sana? Kuna nini kinanuka?"

Fundi alimkumbatia mpaka akalalamika kuwa anabanwa mbavu. Na nje, mmoja baada ya mwingine, mtaa mzima, makomeo yalianza kuvutwa. Kwa seremala. Kwa nyumba ya pili. Shata la Mama Vifungo likapanda kwa kishindo, na sauti yake ikavuka barabara: "Mwongo mkubwa wewe! Kesho utanikoma!" Fundi hajawahi kufurahia tusi kama lile.

Alipogeukia televisheni, chumba kilikuwa bado kipo. Kiti cha pili kitupu. Mwanamke amekaa kwenye kile cha kwanza, mikono mapajani.

"Basi mimi sitoki," alisema. Hakuuliza.

Picha ikazimika. Tamthilia ile ukiitafuta leo huioni, na wale wa huduma wanasema hawajawahi kuwa nayo. Fundi alifuta jina la Jicho la Fundi. Televisheni aliiuza. Wateja wachache walimkimbia, wengi walirudi, maana mkono wake kwenye nguo haujawahi kusema uongo. Mama Vifungo alimnunia wiki mbili, kisha akaanza kumtania upya, vibaya zaidi. Kila jioni Fundi humwombea yule mwanamke, bila jina, kwa sababu hakumwachia jina. Ni Fundi aliyemwambia mtu aliyefungwa kwamba mlango uko wazi. Hilo limemkaa moyoni kama sindano iliyovunjikia ndani.

Kushona, hata hivyo, kumekuwa kugumu. Anashona kichwa juu, macho mlangoni, na vidole vyake vimejaa matundu. Kitinda anamcheka: "Dada, unashona kama dereva." Fundi hamwelezi. Amegundua kwamba akiinamisha macho kwenye sindano, hata kidogo, harufu ya kitambaa kinachoungua hurudi. Kwa hiyo haangalii chini.

Lakini juzi, jua likizama, uzi ulimkatikia. Uzi mweusi, tundu la sindano dogo, na hakuna mtu duniani anayetunga uzi bila kuangalia. Alisubiri kidogo. Alisikiliza. Kitinda alikuwa anaimba jikoni, kwa ile sauti yake mbaya. Kabati la vitambaa lilikuwa tupu juu, doa tu la vumbi mahali palipokuwa na televisheni.

Akaweka uzi mdomoni. Akainamisha macho.

"Upo?"

Na mdomo wake, kwa mazoea ya miaka yote ile, ulikuwa umeshajibu.