Wifi Yangu Alikuwa Anafuta Nukta Mkato Zangu

Nilimkuta wifi yangu amekaa kwenye kompyuta yangu ya darasani, anafuta nukta mkato, ile alama inayofunga mstari wa programu.

Moja tu.

Akashuka mistari kadhaa, akabadili herufi moja kwenye jina, akahifadhi. Taratibu... kama mtu anayefumua mshono wa nguo ya mwenzake.

Mimi nimesimama mlangoni, namtazama.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Nimeuza dawa nyuma ya kaunta miaka tisa. Mwaka huu nikaingia kozi ya kuandika programu, mimi na wifi yangu, mdogo wake mume wangu. Nyumba moja, dawati moja.

Kila jioni programu yangu naiacha inafanya kazi vizuri. Asubuhi nikifungua... makosa kumi na saba, mekundu tupu! Mstari wa 41. Mstari wa 58. Kompaila, ile inayokagua ulichoandika kabla ya kukipeleka kwa mashine, imegoma.

Jamani, nimelia chooni mimi.

"Pole wifi, labda kichwa kimechoka," ananiambia, huku ananifuta machozi kwa kanga yake.

Nyumbani mume wangu naye: "Mama watoto, kwani lazima? Rudi tu dukani."

Nikaanza kuamini kweli kichwani hamna kitu.

Haya, turudi pale mlangoni.

"Wifi, unafanya nini?"

Akatoa mikono kwenye kibodi.

"Nisamehe."

"Tangu lini?"

"Wiki ya pili."

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Kaka ndiye aliyeniomba."

Kaka...

Yaani mume wangu. Aliyenisindikiza mwenyewe siku ya kujiandikisha.

Nyumbani nilimkuta anapiga pasi shati. Sikupaza sauti.

"Mdogo wako kaniambia."

Akachomoa pasi. Akakaa kitandani, shati limebaki nusu.

"Niliogopa," akasema. "Ukishakuwa mtu wa maofisini, mimi ungenitazama tena?"

"Kwa hiyo ukaona bora nijione mjinga?"



Alhamisi ikawa mtihani. Sisi tumejiandaa kuandika, mwalimu anasema:

"Leo hamwandiki kitu. Programu iliyo mbele yenu imeharibika. Itengenezeni."

Darasa zima likaguna.

Wifi, ambaye programu yake haikuwahi kugoma hata siku moja, aliyakodolea macho yale mekundu kama barua ya lugha ngeni.

Mimi je? Wiki saba nimeamka nayo! Nikaanza na kosa la juu kabisa, maana mara nyingi hilo ndilo linalozaa mengine. Nukta mkato haipo. Nikaiweka. Jina limekosewa herufi. Mabano hayajafungwa. Dakika ishirini na mbili, programu ikakubali.

Wa kwanza kumaliza. Kwa matokeo hayo nimepata kazi ya kutengeneza programu, naanza Jumatatu.

Mume wangu ameomba msamaha mara tatu. Sijamjibu. Nalala chumba cha watoto, na nikiwa tayari nitawaambia nilichoamua.

Ninyi mnaonisoma, mtu wako wa karibu akikwambia huwezi, jiulize kwanza yeye anapata nini ukishindwa.

Ile kompaila ilinikatalia kila asubuhi bila kunionea haya, na kila mara ilisema kweli. Walionidanganya ni wale waliokuwa wananibembeleza.