Mazabodi Niliyoichagua Mimi, Akaibeba Shemeji

Nilimkuta shemeji yangu kaunta ya duka la kompyuta, amekumbatia boksi LANGU!

Sawa, sikuwa nimelilipia. Lakini nililichagua mimi, nikalilalia na kuliamkia wiki nzima. Langu!

"Shem, hiyo nini?"

Akashtuka, akaligeuza boksi ili maandishi yasionekane.

"Ah... shem! Wewe si uko nyumbani?"

"Nimeuliza hiyo nini!"

"Ni... mazabodi tu."

MAZABODI TU?!

Ngojeni niwape habari tangu mwanzo, msije mkaniona mwanamke mkorofi wa kugombana na mashemeji madukani.

Kazi yangu ni kuchora nyumba kwa kompyuta. Mtu ana kiwanja, mimi namwonyesha nyumba yake kwenye skrini kabla msingi haujachimbwa. Ofisi ni kona ya sebule, meza imebanwa kati ya friji na kabati la vyombo.

Siku moja mkandarasi mkubwa akanipigia.

"Nina jengo la ghorofa sita. Nataka nilione kama natembea ndani yake. Nakupa siku kumi na moja. Na nimempa mwenzako mmoja pia. Atakayenifurahisha, michoro yangu yote ya mwaka huu ni yake."

Mwaka mzima! Nilirukaruka jikoni na mwiko mkononi.

Alasiri ileile kompyuta ikatoa harufu ya plastiki inayoungua... ikazimika.

Fundi akaifungua, akatikisa kichwa.

"Mazabodi imekufa, dada. Hii bodi kubwa, kila kitu kinachomekwa juu yake. Na prosesa yako, ubongo wa mashine, inakula umeme mwingi. Usije ukaiwekea bodi hafifu, itakuwa inajizima ikizidiwa."

Nikaingia mtandaoni kusaka.

Jamani! Kuna mabodi ya bei ya kutupa, hata kuyaamini unaona aibu. Kuna mengine yanawaka taa kila pembe, na kwa bei ile ungedhani yanapika na kufua.

Siku ya pili nikaipata ya katikati. Nyeusi, haina taa hata moja. Lakini sehemu yake ya kugawa umeme ilikuwa ileile ya bodi ya kifahari. Vyuma vya kupoozea vinene, nafasi nne za ramu, zile kadi za kumbukumbu, nafasi tatu za diski. Ukiondoa mbwembwe, ni bodi ya matajiri kwa nusu ya bei!

Siku ya pili tu nilishajua. Mmenisikia?

Je, nilinunua?

Thubutu!

Nilitengeneza jedwali. Mabodi kumi na moja, yamepangwa kwa sifa, yangu nimeipaka kijani. Kesho yake asubuhi na mapema nikalirusha kwenye grupu letu la wapenda kompyuta, chini nikaandika: "Wajuzi, mnasemaje?"

Wajuzi wakasema!

"Hiyo inachemka." Nikatafuta vipimo, nikaweka. Haichemki.

"Mazabodi gani haina taa?" Nikaeleza kwamba mimi nachora, sifungui disko.

"Mimi nilisikia inakufa upesi." Ulisikia wapi? Hajui. Nikaenda kusoma kurasa arobaini za watu wanaoitumia, nikaleta ushahidi.

Kila siku hoja mpya, kila siku mimi na majibu yangu, siku zinakwenda. Mume wangu akanitazama mezani.

"Mama, mchagua jembe si mkulima."

Nikamnunia mpaka chai ikapoa.

Naye shemeji, mdogo wake mume wangu, ambaye yumo kwenye grupu hilohilo, akanitumia ujumbe pembeni: "Shem, usikurupuke. Subiri bei ishuke."

Nikamsikiliza! Kikulacho ki nguoni mwako, ndugu zangu.

Siku ya tisa nikachoka kusubiri, nikaenda dukani. Haya, turudi kaunta.

"Si uliniambia nisikurupuke?!"

"Ulionyesha una wasiwasi, shem. Nikakushauri."

"Na wewe mbona umekurupuka?"

"Mimi nilikuwa sijui chochote. Yale majibu yako ndiyo yamenishawishi! Nikaona bodi hii haina mpinzani."

"Unaifanyia nini?"

Akaangalia viatu vyake.

"Gemu... ya mpira."

Nilitaka kupiga yowe. Nikamgeukia muuzaji.

"Kaka, nipe nyingine kama hiyo."

"Hiyo ndiyo ya mwisho, dada. Zilikuwa saba, zimekaa hapa miezi hakuna hata anayeziuliza. Wiki hii zote kwisha! Kuna mtaalamu mmoja ameandika jedwali huko, wateja wanakuja nalo kwenye simu. Nikimpata huyo mtu namnunulia soda."

Akanionyesha.

Mistari yangu. Kijani changu. Na chini kabisa: "Wajuzi, mnasemaje?"

Nikakaa juu ya boksi la printa.

Nilipoinua kichwa, shemeji alikuwa ameshayeyuka.

Nikampigia mume wangu, akatoka mbio hadi kwa mdogo wake kuiomba bodi. Akarudi mikono mitupu.

"Ameshaifunga?"

"Alijaribu. Prosesa imemponyoka, pini za pale inapokaa zimepinda zote. Haifai tena kwa mpira wala kwa ghorofa."

Sikulia. Nilicheka, kile kicheko kinachomtia mume wasiwasi.

Nikarudi dukani kuchukua bodi hafifu, ileile niliyokatazwa na fundi. Ile ya taa bei yake sikuiweza, na siku zilibaki mbili.

Jumatatu ikafika. Ofisini kwa mkandarasi nikawasha. Mlango ukafunguka... ukumbi... ngazi... jamani lilipendeza! Ghorofa ya kwanza. Ya pili. Ya tatu...

Skrini ikawa nyeusi.

Nikawasha tena. Ghorofa ya tatu... nyeusi!

Mkandarasi akavua miwani taratibu.

"Dada, mkono wako mzuri sana. Lakini mimi najenga sita."

Nilibeba mashine yangu kifuani hadi nyumbani. Wiki nzima sikuongea na shemeji. Alileta mkate, alileta matunda, sikuongea naye. Moyoni nilisema, huyu ndiye aliyenimaliza.

Kumbe!

Mwezi ulipopita, ukaingia ujumbe kutoka namba nisiyoijua, yenye picha ya binti.

"Dada habari. Tuko wote kwenye grupu ila mimi huwa sichangii. Nataka kukushukuru. Jedwali lako uliliweka asubuhi, mchana wake nilikuwa dukani. Nimefunga mashine, nimechora jengo la ghorofa sita, mkandarasi amenipa kazi za mwaka mzima. Bila wewe nisingeweza."

Nilisoma mara nne.

Nilitafuta wa kumkasirikia, sikumpata. Binti hakuniibia. Hata huyo shemeji alikuja siku ya tisa, wakati mwenzangu alishanunua tangu siku ya tatu! Alisoma nilichokisoma mimi, akaamini. Mimi niliyekiandika sikukiamini.

Roho iliniuma, sitawadanganya. Iliuma vibaya.

Ukaingia ujumbe wa pili.

"Halafu dada, muuzaji ameniambia leo zimeingia zile bodi, mbili tu. Nimeona nikwambie wewe kabla hajatangaza."

Kidole kikaelekea kwenye grupu chenyewe! Nikaanza kuandika, "Jamani, nichukue sasa au..."

Nikafuta. Nikavaa viatu.

Ndugu zangu, kutafuta ushauri ni akili. Lakini ukishapata jibu ukaendelea kuuliza, hapo hutafuti ushauri, unatafuta mtu wa kumlaumu. Na ngoja ngoja huumiza matumbo, langu nawaambia liliuma.

Mkiona kisa hiki mmekipata leo badala ya jana, msinilaumu. Jana nilikuwa dukani.