Jicho Jipya la Mama

Jua lilikuwa linazama nilipofika kwa mama, mtaani Ngoingwa, kumwekea dawa ya jicho. Kazi ndogo tu.

Jicho lenyewe lilikuwa limepasuliwa mara mbili. Kwanza walitoa mtoto wa jicho, wakaweka lenzi. Mama akaanza kuona kivuli pembeni, upande wa sikio.

"Kavata, kuna mtu amesimama hapa."

Kina mama wa kanisa walikemea mapepo mpaka sauti zikawakauka. Mimi nikampeleka hospitali, Ruiru. Daktari akasema ni ukingo wa lenzi tu, akaibadilisha. Akaonya: jicho hili haliguswi tena. Lile lingine lilishakufa kitambo.

Mama alitaka kitu kimoja. Kuniona uso tena.

Nikabandua kifuniko, taratibu.

"Unaona?"

"Hata huo uzi kwa sweta yako!" Akacheka. Kisha akainua jicho...

Kicheko kikakatika.

"Wewe ni nani? Mbona huna uso?"

"Mama, wacha mchezo. Ni mimi, Kavata."

"Kavata ndiye huyo nyuma yako."

Sikugeuka.

Harufu ya udongo mbichi ilijaa chumbani. Na kiangazi hiki chote hatujaona hata tone la mvua.

"Huyo..." nikanong'ona. "Alikuja lini?"

"Si alibisha geti jioni moja, kabla sijapasuliwa. Nilikuwa sioni, lakini sikutaka watu wajue. Nikasema, 'Kavata, umepotea sana, ingia ndani.' Akaingia. Nikampa chai. Hakusema neno."

Mimi? Niingie kwa mama, ninywe chai, ninyamaze? Haijawahi kutokea.

Alimwita jina langu. Akamkaribisha nalo.

"Mama, nishike mkono. Mguse mtoto wako."

Akaurusha mkono wangu kama kaa la moto.

"Toka! Toka kwangu!"

Alinisukuma kwa mikono yake ya mifupa mitupu, mpaka nikajikuta nje barazani. Komeo likaanguka kwa ndani.

Nikagonga.

"Mama, nifungulie. Tafadhali."

Nikasikia nyayo. Za mama, zinazoburuta. Na nyingine, nyepesi, zikimfuata.

"Nifungue?" mama akauliza mtu.

Akajibiwa kwa sauti yangu. Yangu kabisa, ila ya upole kuliko nilivyowahi kusema naye maishani.

"Usifungue, Mama. Ni yule wa pembeni."