Kiti cha Zamu

Siku ofisi zilipofungwa, jengo zima lilimwagika barabarani kama gunia lililopasuka. Huyu kabeba kompyuta ndani ya beseni, yule kajizungushia nyaya shingoni, mwingine kakumbatia printa utadhani mgonjwa anayepelekwa hospitali. Wote barakoa usoni, wote mbiombio. Ugonjwa ulikuwa umeingia mjini na tangazo lilikuwa fupi: mwenye kazi akaifanyie kwake.

Langoni, katikati ya vurugu hiyo, kilisimama kiti. Kiti cha ofisi cheusi, cha magurudumu, mgongo wa wavu, mkono mmoja umechubuka. Hakikuwa na mwenyewe. Watu wawili wakakidaka kwa pamoja.

"Samahani kaka, hiki nimekiona mimi."

"Wewe umekiona, mimi nimekishika."

"Umeshika mkono. Mimi nimeshika mgongo. Mwenye mgongo ndiye mwenye kiti."

Aliyesema hivyo alikuwa mtafsiri wa ghorofa ya sita, dada mrefu, gauni la kijani limemkaa barabara. Alitafsiri vile vikaratasi vinavyokunjwa ndani ya pakiti za dawa, ambavyo nyie wenzangu hamvisomi mpaka mtoto ameshameza. Aliyembishia alimzidi urefu, ana kipara kinachong'aa na shati jeupe lililokunjwa mikono. Huyo alipokea simu za kampuni ya maji, ghorofa ya pili. Kutwa alitukanwa na watu waliokaukiwa mabomba, naye akijibu kwa upole. Wamepanda lifti moja miaka yote hiyo na hawajawahi hata kusalimiana!

Mlinzi wa lango, mzee asiyependa kelele, akawatenganisha. "Watu wazima mnagombania kiti? Wekeni zamu. Wiki kwako, wiki kwake. Ijumaa jioni mnakabidhiana hapa hapa, mimi shahidi."

"Nani anaanza?"

"Aanze Mwenyekiti," mlinzi akasema, akimnyooshea dada kidole.

"Na mimi je?"

"Wewe Makamu. Haya, ondokeni langoni kwangu."

Majina yakawaganda. Wakapeana namba za simu, kwa ajili ya kiti tu, kila mmoja alisisitiza.

Wiki ya kwanza Mwenyekiti alifurahia. Hakuna foleni, hakuna bosi mgongoni. Wiki ya tatu alijikuta anaiaga birika ya chai kabla ya kwenda kulala. Chumba chake kilikuwa na kitanda, meza, na dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani. Kwenye meza kulikaa kompyuta, na pembeni yake dawa ya kuvuta, maana alikuwa na pumu tangu utotoni na mama yake alikuwa amemwapisha asitoke ovyo. Jumanne ilifanana na Jumapili. Kuna siku jioni alijaribu kumuita mtu dirishani, akagundua hajatoa sauti tangu asubuhi.

Na kazi yenyewe haikuwa ya mchezo. Alikuwa amepewa kitabu cha maelekezo ya mashine ya kupumulia, cha wauguzi, kinasubiriwa wodini. Bosi alimwambia kwenye kioo cha kompyuta: "Kikiisha mwisho wa mwezi, nakuandikia ajira ya kudumu. Kikishindikana, tutaelewana vingine." Mtafsiri alikuwa kibarua kwa miaka. Alijua hayo maelewano mengine huwa yanaishia wapi.

Shida ni kuamka. Mtu unaamkaje kwenda mahali ambapo tayari upo? Alibaki na gauni la kulalia mpaka mchana, anasoma mstari mmoja mara tano. Ndipo Makamu alipopiga simu asubuhi moja.

"Mwenyekiti, umevaa viatu?"

"Viatu vya nini? Naenda wapi?"

"Unaenda kazini. Kutoka kitandani mpaka mezani ni safari, mama. Mtu hasafiri pekupeku."

"Wewe una wazimu."

"Vaa. Nakusikiliza."

Akavaa vile vyeusi vya kisigino kifupi, huku anacheka peke yake. Akagonga sakafu ili asikie. Yule bwana upande wa pili naye akagonga vyake. Siku ile akatafsiri kurasa ambazo hajawahi kuzimaliza hata akiwa ofisini. Tangu hapo ikawa desturi: asubuhi viatu, jioni hadithi.

"Leo mteja kaniambia ataninywa mimi, maana maji hana."

"Ukamjibu nini?"

"Kama kawaida yangu. 'Eleza taratibu, mpendwa, tuna muda wote duniani.' Na kwenu maji yakikatika piga, bonyeza tatu. Mtaa wenu simu zake zinakuja kwangu."

"Nikipiga utaniita mpendwa?"

"Nitakuita hata usipopiga."

Ijumaa ikawa sikukuu yao. Aliyekuwa na kiti alikisukuma barabarani mpaka langoni, magurudumu yakipiga kelele mtaa mtupu. Siku moja mtu akapaza sauti kutoka ghorofani: "Dada, hilo gari lina bima?" Wakifika wanasimama mbalimbali, barakoa usoni, kiti katikati yao kama mtoto wa talaka, wanaongea mpaka mlinzi anatangaza kikao kimefungwa. Hawakuwahi kushikana hata vidole.

Kiti kilipotoka kwa Makamu kilikuja kimepandishwa juu, kwa urefu wake. Mwenyekiti alikikalia hivyo hivyo kwanza, miguu inaning'inia, viatu havigusi chini. Hakuwa na haraka ya kukishusha. Ilikuwa kama mwenye kiti kaondoka sasa hivi na anarudi. Nyie chekeni tu, ila mtu aliyefungiwa peke yake hachagui cha kumfariji.

Basi bwana, mambo hayo hayakudumu. Katikati ya wiki moja ya zamu ya Makamu simu ya asubuhi haikulia. Ukaja ujumbe: *Umevaa viatu?* Mwenyekiti akapiga, haikupokelewa. Ukaja mwingine: *Niko na mteja mama, nitakupigia.* Hakupiga. Kesho yake hivyo hivyo. Ijumaa Mwenyekiti akavaa gauni lake la kijani, akajipaka wanja, akaenda langoni. Akamkuta mlinzi na kiti.

"Mwenzako?"

"Kimeletwa na mwenye mkokoteni," mlinzi akasema, akikwepa macho yake. "Kasema mzigo umelipiwa."

Alikisukuma mpaka nyumbani akikaza meno. Alipokikalia, magoti yakamfika kidevuni. Kiti kilikuwa kimeshushwa mpaka mwisho. Makamu, mrefu kama nguzo, hawezi kukaa pale. Kiti kizima kinanuka dawa ya kusafishia, na kwenye gurudumu moja umejisokota unywele wa bandia, mrefu, mwekundu.

Mtu ana kipara. Unywele mwekundu wa nini?

"Amesugua kiti kizima," alimwambia mama yake kwenye simu, analia bila kujificha. "Mtu anasugua hivyo kama hana cha kuficha?"

"Mwanangu, umekula?"

"Mama, nakuambia mambo ya mwanaume!"

"Nimesikia. Na mimi nakuuliza mambo ya tumbo. Kula, ulie umeshiba."

Hakula. Asubuhi ujumbe ulipoingia, *Umevaa viatu?*, aliufuta. Viatu vikakaa chini ya kitanda. Akazima kamera kwenye vikao, akasema mtandao unasumbua. Kitabu kilikwama kwenye sura moja: namna ya kuongea na mgonjwa asiyeweza kutoa sauti. Alitazama kichwa cha sura siku nzima, akakifunga. Mwisho wa mwezi ulikuwa unabisha hodi, na wauguzi wa watu wanasubiri, naye anatazama ukuta wa jirani. Kilichomuuma zaidi ya yote ni hiki: alikuwa amezoea upweke, yule bwana akaja kumzoesha vingine, halafu akamwacha.

Siku mbili zilipopita hasira ilimwinua kitandani. Akapiga namba ya kampuni ya maji. Akabonyeza tatu.

"Habari ya leo, mpendwa. Eleza taratibu, tuna muda wote duniani."

Sauti ya kike! Changa, nyororo, na maneno ni yale yale ya Makamu. Nyuma yake kikasikika kitu kama kijiko kinachogonga kikombe.

"Nina malalamiko," Mwenyekiti akasema.

"Pole sana, mpendwa. Maji yamekatika?"

"Maji yapo. Aliyekatika ni mwanaume."

Msichana akajibu kwa unyonge: "Hilo, mteja, sijaelekezwa."

"Nauliza nani kakalia kiti changu! Mfupi, nywele nyekundu. Ni wewe?"

"Mungu wangu," yule msichana akanong'ona. "Wifi? Ni wewe wifi Mwenyekiti?"

"Wifi yako nani?"

"Mimi mdogo wake, wa mwisho kwetu. Wifi, usikate, nakuomba! Kaka anaumwa. Kashikwa na huu ugonjwa, kaumwa kweli, na sauti yote imekwisha, hata kuita maji ya kunywa hawezi. Asiposikika kazini wanaweka mwingine, ndiyo napokea mimi. Yeye yuko pale mlangoni ananiandikia majibu kwenye kibao, nikikosea anagonga kikombe. Mimi niliugua kabla yake nikapona, ndiyo nikaja kumuuguza."

Mwenyekiti akakaa kitandani. "Kwa nini hakuniambia?"

"Anasema ungekuja mbio, na kifua chako hicho. Kiti chenyewe kanisimamia nikisugue mpaka vidole vimenichubuka, kikaanikwa juani kutwa ndipo kikaletwa kwako." Msichana akavuta kamasi. "Watu husema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kaka yangu alitaka kuvificha vyote viwili!"

"Mpe simu."

"Hawezi kusema, wifi."

"Sitaki aseme. Nataka asikie."

Wakaikata ile ya kampuni, maana foleni ya wateja ilikuwa imeshakuwa ndefu, Mwenyekiti akapiga simu ya Makamu mwenyewe. Mwenyekiti akasikia pumzi. Nzito, zinakwaruza, kila moja inavutwa kwa kazi. Maneno yote ya hasira aliyoyapanga yakamkauka.

"Nimekulilia kama mjane," akasema. "Na wewe uko hai, mshenzi wewe. Sikiliza. Kwenye kitabu changu kuna sura ya mgonjwa asiyeweza kutoa sauti. Nakuuliza, unagonga. Mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Umenielewa?"

*Ngo.*

"Umekula leo?"

*Ngo, ngo.*

"Utakula. Ulidhani nimeacha kukupenda?"

Kijiko kikasita. *Ngo.*

"Mjinga. Unaogopa?"

Pumzi zikaja, zikaenda, zikaja.

*Ngo.*

"Na mimi naogopa," akasema, na safari hii akalia polepole. "Usikate. Iweke hapo kwenye mto wa kulalia, mimi nafanya kazi. Umevaa viatu?"

*Ngo, ngo.*

"Nitakuvalia mimi."

Akavitoa chini ya kitanda, akavaa, akagonga sakafu. Akapandisha kiti mpaka juu, kwa urefu wa mwenzake, akakikalia miguu ikining'inia, akafungua ile sura. *Kaa mahali mgonjwa anapokuona. Uliza swali moja kwa wakati. Mpe muda wa kujibu.* Maneno yakaja yenyewe. Alipokwama aliyasoma kwa sauti, na kijiko kikamjibu kama yanaeleweka. Siku zikaenda hivyo, simu wazi tangu asubuhi, yeye anatafsiri mashine ya kupumulia huku anasikiliza mtu anapumua. Pumzi zikibadilika, vidole vinasimama. Zikitulia, anaendelea. Kitabu aliking'ang'ania mpaka kikaisha, na bosi akamwandikia barua ya ajira. Hakuwa na wa kumkumbatia chumbani. Alikumbatia mgongo wa kiti.

Ijumaa ambayo daktari alimruhusu Makamu kutoka, Mwenyekiti alikisukuma kiti kikiwa juu vile vile. Makamu alikuwa ameshafika langoni, ameegemea ukuta, shati limemzidi, kipara hakina mng'ao tena, mdogo wake mwenye nywele nyekundu kamshika kiwiko. Viatu alivaa, vimepigwa rangi. Mwenyekiti alipomuona alivyokonda, moyo ulimuuma.

"Kaa," akamwambia.

Makamu akataka kubisha, akatoa mkwaruzo tu. Akakaa.

"Zamu zimenichosha," Mwenyekiti akasema mbele ya mlinzi, mbele ya wifi, bila aibu. "Kiti kimoja nyumba mbili ni utoto. Nataka kikae nyumba moja, na sisi wote tukae humo. Utanioa? Nakuuliza sasa hivi kabla hujapata sauti ya kubishana na mimi."

Mlinzi akavua kofia. Makamu akamtazama sana, macho yamejaa. Kisha akainua kidole, akagonga ule mkono wa kiti uliochubuka.

Mara moja.

Wakangoja kama kutakuwa na ya pili. Haikuja. Mwenyekiti akashika mgongo wa kiti, pale pale aliposhika siku ya kwanza, akaanza kumsukuma mtu wake kwenye barabara tupu, taratibu kwa ajili ya vifua vya wote wawili.