Sumaku ya Fundi Redio

Fundi redio alikuwa na sumaku aliyoitoa kwenye spika mbovu. Aliiamini kuliko macho yake. Mkewe aliuza nyanya na vitunguu mlangoni, na kila sarafu ilipimwa kwa sumaku hiyo.

"Pesa halali hainaswi," fundi alimfundisha. "Ikinaswa, ni bandia."

Asubuhi moja jirani yao, mama mshonaji, alinunua vitunguu. Akalipa kwa sarafu mpya. Sumaku ikazinasa zote.

"Jirani, hizi sizipokei," mke wa fundi akasema, macho chini.

"Leo mimi ni mwizi?" Mshonaji akarudisha vitunguu mbele ya wateja, akaenda zake.

Tangu siku hiyo salamu zikakatika. Mke wa fundi aliumia sana. Mama huyo ndiye aliyemuuguza alipojifungua.

Jumapili akaja dada yake fundi, karani wa benki. Mke akamweleza yote.

"Pole, wifi," dada akasema. "Kaka, hebu lete hiyo sumaku."

Akaweka mezani sarafu mbili, ya zamani na mpya. Ya zamani ikatulia. Mpya ikarukia sumaku.

"Hii ya zamani ni shaba iliyochanganywa na nikeli. Hainaswi. Lakini shaba ni ghali. Siku hizi sarafu nyingi hutengenezwa kwa chuma, kisha hupakwa nikeli au shaba juu. Sasa chuma kitaachaje kunaswa?"

"Bandia nitaijuaje, basi?" fundi akauliza.

"Ilinganishe na nyingine ya aina hiyo hiyo. Tazama picha na maandishi, yawe wazi. Angalia ukubwa na unene. Pitisha kidole ukingoni. Kama ile nyingine ina mikato midogo, nayo iwe nayo. Ukiwa na shaka, tuletee benki. Usikimbilie kumwita mtu mwizi. Kaka yangu, redio unazijua, pesa bado."

Fundi akakuna kichwa. Aliona aibu.

Hakumtuma mkewe. Alikwenda mwenyewe, vitunguu mkono mmoja, sumaku mkono wa pili.

"Mama, nimekukosea. Sarafu zako ni halali. Nisamehe."

Mshonaji akapokea vitunguu. Kisha akalipa kwa sarafu zile zile, na fundi akazitia mfukoni bila kuzitazama.

"Na hiyo sumaku niachie," mshonaji akasema. "Sindano zangu zimetapakaa sakafuni. Huko ndiko kwenye kazi yake."

Jioni mke wa fundi akasikia ukuta wa upande wa mshonaji ukigongwa.

"Jirani, nyanya zimebaki?"