Pasi Moja ya Christelle

Kila Jumanne na Alhamisi, akitoka shule, Christelle alishuka kituo cha treni cha Vällingby, huko Uswidi, na begi lililomzidi ukubwa, akaenda kwenye mazoezi ya futiboli ya Kimarekani. Yeye ndiye aliyeanza na mpira, ule wenye umbo la yai, na kazi yake ilikuwa kumkabidhi Zénon. Zénon, pande la mtoto, alikimbia nao. Wakikwama, Zénon alikimbia tena. Wapinzani walishawazoea, na mechi mbili zilikuwa zimepotea.

"Tutengenezee pasi," Kocha Ludovick alimwambia. Alikuwa Mtanzania, fundi wa lifti, mtu wa maneno machache. "Zikishindikana kwenye mechi ya Jumamosi, tunaziacha hadi mwakani."

Tangu aanze kucheza, Christelle alitamani kurusha mpira. Alhamisi akaleta daftari lenye michoro kumi na moja, mishale imepishana kila upande.

Lo, mazoezi yale! Mchoro wa kwanza, Zénon na mchezaji mwenzao Anton waligongana vichwa. Wa pili, Anton alisimama katikati ya uwanja akiuliza aende wapi. Wa tatu, Christelle aliangushwa kabla hajainua mkono. Wa nne sitausimulia.

"Mnanichosha!" alifoka. "Hamna macho? Si mshale huu hapa!"

"Mishale iko kumi na tano," alijibu Zénon akijifuta tope. "Mimi nifuate upi? Nipe mpira nikimbie, basi."

Kocha alilichukua daftari. "Christelle, hapa Zénon anakwenda kushoto kwa nini?"

Alijibu kwa Kiswidi, harakaharaka, maneno mengi yasiyo na kichwa wala miguu.

"Mwanangu, siku zote tunaongea Kiswahili. Ukianza kujificha, unahamia Kiswidi. Michoro hii ni ya nani?"

Aliona aibu hadi masikio yakamwaka moto. "Niliinakili mtandaoni, Kocha, nikasema ni yangu. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini walioichora hawamjui Zénon. Wewe unamjua. Katazame tunachokiweza, uanzie hapo."

Ndani ya treni ya Hässelby, akirudi nyumbani, alikaa amenuna, akitazama kwenye simu video ya mojawapo ya mechi walizofungwa. Zénon anakimbia. Zénon anakimbia. Jamani, Zénon anakimbia tena! Alitaka kuizima, ndipo alipoona kitu. Kila Zénon alipoondoka, mabeki wanne walimvamia, na kulia Anton alibaki peke yake, hana hata wa kumsalimia. Alichana karatasi, akachora mchoro mmoja wenye mishale mitatu.

Jumamosi, kabla ya mechi, aliwaonyesha Kocha na wenzake mchoro huo, na Kocha akataka usitumike hadi aruhusu. Zénon alikimbia mechi nzima, na Christelle akauma midomo kwa kusubiri. Zikiwa zimebaki dakika mbili, walikuwa nyuma kwa pointi nne. Kocha akaitikia kwa kichwa kumruhusu.

Christelle alimnyooshea Zénon mpira kama kawaida. Zénon alikumbatia tumbo lake, akatimua mbio. Mabeki wanne walimrukia. Mpira haukuwepo! Christelle alikuwa ameuficha nyongani. Akamrushia Anton, naye akaudaka vibaya, ukamponyoka kidogo.

"Shika, wewe!" Christelle alipiga kelele, karibu alie kwa hasira.

Anton aliushika, akavuka mstari wa mwisho na kupata pointi sita zilizowapa ushindi. Uwanja ukalipuka kwa vifijo, huku sauti ikitoka chini ya rundo la mabeki: "Jamani niacheni, mimi sina kitu!"

Mechi ilipokwisha, Kocha aliwakusanya. "Michoro kumi na moja ilimshinda Christelle kwa sababu haikuwa yake wala hakuielewa," alisema. "Huu mmoja ameutolea jasho, akaujenga juu ya mbio za Zénon. Ukidai kazi ya mtu ni yako, unawadanganya wenzako na unajinyima nafasi ya kufikiri. Afadhali ulete kidogo ulichokielewa."

"Na mimi je?" Zénon aliuliza, nyasi zimemjaa kwenye nywele.

"Wewe umekubali kuangushwa na watu wanne kwa mpira ambao hukuwa nao. Bila hilo, pasi isingekuwepo."

Christelle alimpa Zénon chupa yake ya maji. "Samahani kwa nilivyokufokea," alisema kwa Kiswahili, bila kujificha.