Nywele za Lukia

Asnath na mumewe Gregori walilima mpunga kijijini Maore. Mtoto wao, Lukia, alikuwa na miaka minane na nywele nyingi, nyeusi. Kila Jumapili Asnath alizisuka, na majirani walizisifu.

Mwaka 1975 chawa waliingia shuleni. Mwalimu aliwataka wazazi wawanyoe watoto wao.

"Mimi simnyoi," Asnath alimwambia mumewe. "Juma lijalo tuna harusi Bombo. Aende na kipara?"

"Nywele si zitaota tena, Mama Lukia?"

Asnath hakumsikiliza. Jumamosi alimpaka Lukia mafuta ya taa kichwani, kama wanawake wengi walivyofanya. Kisha akamketisha jikoni ili amchane. Moto ulikuwa unawaka mafigani. Kitana kilianguka. Lukia akainama kukiokota, na nywele zake zikashika moto.

Gregori alisikia kelele. Akaja mbio na gunia lililolowa, akamfunika mtoto kichwa. Moto ukazimika. Asnath akapaka unga wa mahindi kwenye kidonda. Ndipo wakamkimbiza zahanati.

Muuguzi Eunike alichukua muda mrefu kuuosha ule unga. Lukia alilia mpaka sauti ikakauka.

"Siku nyingine usipake kitu," Eunike alisema. "Mwagia maji safi ya baridi kwa muda mrefu, kisha mlete mgonjwa upesi."

Wiki sita zilipita. Pembeni kidonda kilipona, lakini utosini kilibaki wazi, kikubwa kama kiganja.

"Hiki hakitafunga chenyewe," alisema Eunike. "Aende hospitali kubwa akapandikizwe ngozi."

Asnath alishtuka. "Ngozi ya nani?"

"Yake mwenyewe. Asubuhi hiyo hatakula. Atapewa dawa ya usingizi, kwa hiyo hatasikia kitu. Daktari atachukua ngozi nyembamba pajani na kuiweka kichwani. Akiamka, paja litamuuma kuliko kichwa. Msiogope, litapona. Bandeji ya kichwani isiguswe mpaka daktari aifungue mwenyewe, karibu siku ya tano. Sehemu ndogo ya ngozi inaweza kukataa kushika. Hilo hutokea."

"Na nywele?" Asnath aliuliza kwa sauti ndogo.

Eunike alimtazama. "Ngozi ya paja haina mizizi ya nywele za kichwani. Pale hazitaota."

"Hakuna daktari wa kupanda nywele?"

"Nimesikia wapo nchi za mbali. Wanatoa nywele za kisogoni, na mizizi yake, wanazihamishia penye kipara. Hawaongezi nywele, wanazihamisha tu. Nazo kwanza hupukutika, halafu huota baada ya miezi mingi. Lakini kwenye kovu la moto mara nyingi hazishiki vizuri. Sitaki nikudanganye, mama."

Asnath alijifunika uso kwa khanga. Wembe mmoja tu, alijiambia. Wembe mmoja, na leo nywele zingekuwa zimeanza kurudi.

Hospitali mambo yalikwenda kama Eunike alivyoeleza. Lukia alililia paja lake siku nne. Siku ya tano bandeji ilifunguliwa, na ngozi ilikuwa imeshika, isipokuwa ukingoni kidogo. Baada ya miezi miwili alirudi shuleni. Mwalimu alimruhusu kuvaa kitambaa, maana kovu halikupaswa kuchomwa na jua.

Siku ya kliniki, Eunike alimwomba Asnath azungumze na akina mama. Asnath alisimama. Alieleza habari ya mafuta ya taa, ya moto na ya unga. Hakuficha kwamba mwalimu alimwambia anyoe akakataa. Jioni hiyo wanawake watatu waliwanyoa watoto wao, na chupa za mafuta ya taa wakazipeleka mbali na jiko.

Asnath alifurahi kwa ajili ya watoto wale. Aliporudi nyumbani alimpaka Lukia mafuta ya nazi kwenye kovu, kama alivyofundishwa. Mkono wake ulikwenda polepole. Machozi yakamdondoka.

"Mama," alisema Lukia, "mbona unalia? Hapaumi tena."

"Najua, mwanangu," alijibu Asnath, akaendelea kupaka.